Ukawaida na Lugha ya Kwanza ya Mtoto Kiziwi: Uamuzi wa Wazazi Wasikiao

1.0 Utangulizi

Makala haya yanazungumzia uamuzi ambao wazazi wengi huufanya bila kujua kwamba wameufanya, yaani uamuzi kuhusu lugha ya kwanza ya mtoto kiziwi. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mtoto wa Kigogo huzaliwa miongoni mwa Wagogo, na mtoto wa Kimakonde hukuta Kimakonde kikimngoja mlangoni. Mtoto kiziwi hana bahati hiyo. Lugha ambayo macho yake yangeweza kuipokea bila shida iko mahali pengine, kwa watu ambao si jamaa zake, ilhali wale walio karibu naye kwa damu na kwa mapenzi ndio wasioijua. Kwa hiyo jambo ambalo kwa mtoto asikiaye hujitatua lenyewe, kwa mtoto huyu hungoja kuamuliwa na watu wazima. Nao watu wazima hao, mara nyingi, hawajawahi kuzungumza na kiziwi hata mmoja.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuombwa ushauri katika jambo hili. Mwaka 2001, alipokuwa mhadhiri msaidizi, shemeji yake alimletea mtoto wa kiume wa miaka miwili ambaye alikuwa ameugua homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini akabaki haitiki aitwapo. “Shemeji, wewe umesomea lugha,” alisema mama yule. “Niambie, nimfundisheje mwanangu?” Jibu alilopewa lilikuwa la kujiamini: azungumze naye sana, kwa sauti kubwa na midomo ikionekana, wala asimzoeze ishara za mikono, kwani akizizoea atakuwa mvivu wa kusema. Jibu hilo halikutoka katika kitabu chochote cha isimu. Lilitoka katika fikra kuhusu jinsi mtoto wa kawaida anavyopaswa kuwa. Na kwa kuwa lilitolewa na mtu aliyesomea lugha, mama alilifuata kwa miaka saba. Kwa kiasi fulani makala haya ni marekebisho ya jibu hilo.

Hoja tutakayoitetea ni kwamba wazazi wasikiao huwekewa mbele yao swali lisilo sahihi. Huambiwa wachague kati ya mtoto atakayesema na mtoto asiyesema, nao, kwa sababu zinazoeleweka kabisa, huchagua kusema. Lakini ushahidi wa isimu unaonyesha kwamba kinachoamuliwa katika miaka ile ya mwanzo si mdomo au mikono. Kinachoamuliwa ni kama mtoto atakuwa na lugha, yoyote ile, wakati ubongo wake ukiwa tayari kuipokea.

Neno moja kuhusu istilahi. Tanzania tumezoea kusema lugha ya alama, na wenzetu wa Kenya husema lugha ya ishara. Katika makala haya tutatumia lugha ya alama kwa lugha kamili ya jamii ya viziwi, na neno ishara tutaliweka kando kwa ajili ya zile ishara za nyumbani ambazo familia hujibunia kwa mahitaji ya kila siku. Tofauti hiyo itakuwa na kazi kubwa hapo mbele.

2.0 Kusikia, Kutii na Ukamilifu katika Kiswahili

Kabla ya kuwalaumu wazazi, yafaa tuichunguze lugha wanayoifikiria. Kitenzi -sikia kina mawanda mapana katika Kiswahili. Mtu husikia sauti, lakini pia husikia njaa, baridi, harufu na maumivu. Kutokana na kitenzi hicho tunanyambua -sikiliza, -sikilizana, masikilizano, usikivu na msikivu. Msikivu, katika matumizi ya kila siku, si mtu mwenye masikio mazuri. Ni mtu mtiifu. Mzazi akimwambia jirani, “Mtoto huyu hasikii,” jirani hafikirii masikio, hufikiria ukaidi, na pengine huongezea ile methali ya asiyesikia la mkuu. Si vigumu basi kuelewa jinsi mtoto aliyepoteza usikivu anavyoweza kuchapwa kwa utundu kwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kushuku kwamba maneno hayamfikii. Shemeji aliyetajwa hapo juu alikiri kwamba alimchapa mwanawe kwa miezi miwili baada ya kutoka hospitalini. Alikuwa akisema sentensi ya kweli, “hasikii”, na kuielewa kwa maana yake ya pili.

Majina nayo yana mengi ya kutuambia. Kiziwi, kipofu, kiwete, kilema, kibyongo na kibogoyo yote yamo katika ngeli ya KI-VI kwa umbo, ingawa kisintaksia huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai: kiziwi yule amefika, si *kiziwi kile kimefika. Baadhi ya wataalamu huona katika umbo hilo dalili ya kudunisha, sawa na kitoto na kijitu. Tahadhari inahitajika hapa, kwani kijana, kiongozi na kinyozi wamo humo humo na hakuna anayewadharau kwa sababu ya kiambishi. Hata hivyo, orodha ya majina ya watu wenye upungufu wa viungo ndani ya ngeli hii ni ndefu mno kuweza kuitwa sadfa. Katika miaka ya karibuni lugha rasmi imeleta vifungu kama “mtu mwenye ulemavu wa kusikia”, na ndivyo pia inavyoelekea Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Lakini viziwi wenyewe hawakulikimbia neno lao. Chama chao cha kitaifa kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na si vinginevyo. Wanaloliepuka ni bubu, na wana haki, kwa kuwa jina hilo linadai jambo lisilo kweli: koo na mapafu ya kiziwi ni mazima, na sauti anayo. Kinachomsumbua ni kutoisikia.

Kinyume cha majina hayo yote ni mzima. Mzizi -zima katika Kiswahili unabeba pamoja ukamilifu (mkate mzima), afya (hujambo, u mzima?), uhai na hata utu uzima. Mtoto asiye mzima ana upungufu katika kila kimojawapo cha vitu hivyo, angalau kwa mujibu wa leksimu. Mama anayeomba mwanawe awe mzima haombi tu masikio yafunguke. Anaomba mtoto ahesabiwe.

Lipo pia neno kawaida lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, nalo latokana na umbo la wingi la neno lenye maana ya msingi au kanuni. Katika Kiarabu umbo hilo la wingi ndilo hutumika kwa kanuni za sarufi. Waswahili walipolichukua, maana ilihama kutoka kanuni hadi yale yafanywayo na wengi, na kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye yale yapasayo kufanywa na wote. Mtoto wa kawaida ni mtoto kama wengine. Tukirejea kwenye maana ya asili, tungeweza kuuliza swali jingine kabisa: je, mtoto huyu anayo kanuni, yaani anayo sarufi? Swali hili la pili ndilo lenye uzito, na linaweza kujibiwa ndiyo hata kama mtoto hatatamka silabi moja.

3.0 Kitovu Kinapohama

Fikra kwamba lugha ni usemi haikuanzia kwetu. Mnamo Septemba 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaamua kwamba njia ya usemi ndiyo bora na kwamba alama ziondolewe darasani. Wajumbe walikuwa zaidi ya 160, na kiziwi miongoni mwao alikuwa mmoja tu. Miaka mitatu baadaye, Alexander Graham Bell, aliyesifika kwa simu, aliwasilisha andiko lililoonya kwamba viziwi wakiendelea kuoana wenyewe kwa wenyewe itatokea jamii ya binadamu viziwi. Mama yake Bell na mkewe wote wawili walikuwa viziwi, na hakuna sababu ya kushuku kwamba hakuwapenda. Alitaka wafanane na wengine. Athari za Milan zilidumu kwa zaidi ya karne moja. Ni mwaka 2010 tu, mjini Vancouver, ambapo mkutano ule ule wa kimataifa ulizikana rasmi kauli zake za 1880. Shule zilizofunguliwa Afrika katikati ya karne ya 20 zilirithi mkondo huo pamoja na vitabu na walimu. Hapa Tanzania shule ya Tabora ilianza mwaka 1963 na ile ya Buguruni mwaka 1974, wakati ambapo Ulaya yenyewe ilikuwa bado inawakataza watoto kutumia mikono.

Ipo mifano inayoonyesha kwamba ukawaida hutegemea mahali mtu aliposimama. Katika kisiwa cha Martha's Vineyard, pwani ya Marekani, uziwi wa kurithi ulienea tangu karne ya 17 hadi mwanzo wa karne ya 20. Nora Groce (1985) aliwahoji wazee wa kisiwa hicho na kukuta kwamba katika kijiji cha Chilmark, ambako kiziwi mmoja alipatikana kati ya takriban watu 25, wasikiao nao walijua lugha ya alama tangu utotoni na kuitumia baharini, dukani na kanisani. Wazee hao walipoulizwa juu ya jirani fulani aliyefariki, walimkumbuka kwa uvuvi wake au kwa ulimi wake wa utani, na iliwabidi wafikiri kidogo ndipo wakumbuke kwamba alikuwa kiziwi. Masikio ya watu wale hayakutibiwa. Kilichokuwapo ni lugha iliyojulikana na wote.

Mfano wa pili ni wa kisemantiki na kwa mwanaisimu unavutia zaidi. Carol Padden na Tom Humphries (1988), wote wawili viziwi, wanaeleza kwamba katika Lugha ya Alama ya Marekani iko alama inayomaanisha mtu mwenye usikivu hafifu. Kwa Kiingereza, mtu mwenye usikivu hafifu “kidogo” ni yule anayesikia karibu sawa na wengine, na mwenye usikivu hafifu “sana” ni yule anayekaribia kuwa kiziwi. Kwa viziwi wa Marekani maana hugeuka: “kidogo” ni yule aliyetofautiana kidogo na kiziwi, hivyo hasikii karibu chochote, na “sana” ni yule anayeweza hata kupokea simu. Kiongezi cha kiwango ni kile kile, lakini kipimo kinaanzia upande mwingine. Wasikiao huhesabu umbali wa mtu kutoka kwao, na viziwi nao huhesabu kutoka kwao.

Waandishi hao wanasimulia pia kisa cha Sam Supalla, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanaisimu. Alizaliwa katika familia ya viziwi watupu, na alipokuwa mdogo alipata rafiki, msichana wa jirani. Baada ya siku chache aligundua kwamba rafiki yake ana kasoro: haelewi mazungumzo hata ya kawaida, mpaka aelekezewe kidole au avutwe mkono. Kisha akamwona mama wa msichana akichezesha midomo, na msichana, kama kwa mazingaombwe, akainua nyumba ya mwanasesere na kuihamisha. Sam alikwenda kumwuliza mama yake binti yule ana ugonjwa gani. Mtoto huyu hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa na lugha kamili, wazazi waliomwelewa na ndugu wa kubishana nao, na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kujiona pungufu. Wazazi wasikiao wanaohofia kwamba mwana wao kiziwi atajiona si mzima wangefanya vema kujiuliza ni nini hasa kilichompa Sam utulivu ule.

4.0 Kanuni bila Sauti

Kwa wasomaji wa jarida hili hakuna haja ya kurefusha maelezo kuhusu uhalali wa lugha za alama kama lugha. Stokoe (1960) alionyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani huchambulika katika vijenzi vidogo visivyo na maana vyenyewe, navyo ni umbo la mkono, mahali na mwendo, sawa na fonimu zinavyojenga neno. Katika lugha hiyo alama za MAMA na BABA zina umbo moja la mkono, vidole vyote vimekunjuliwa na kidole gumba kikigusa uso. Tofauti pekee ni mahali, kidevu kwa mama na paji la uso kwa baba. Hiyo ni jozi pambanuzi isiyotofautiana kwa hadhi na pata na bata. Hapa nchini, kamusi ya CHAVITA ya mwaka 1993 na ile ya Muzale ya mwaka 2004 zilikwisha kuliingiza jambo hili katika maktaba zetu, ingawa idara zetu za lugha bado hazijalipa nafasi inayolingana na uzito wake.

La kuongezea ni kuhusu watoto wachanga. Petitto na Marentette (1991) walichunguza watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi, wakaona kwamba kabla ya kutimiza mwaka na muda mfupi baadaye walikuwa wakibwabwaja kwa mikono: walirudiarudia vipande vya alama visivyo na maana, kwa mpangilio wa kisilabi, kama vile mtoto asikiaye anavyosema bababa. Mikono hiyo haikuwa ikiigiza vitu. Ilikuwa ikijaribu fonolojia. Inaelekea kwamba ubongo wa mtoto hutafuta ruwaza ya lugha, na haubagui mlango inapoingilia.

5.0 Miaka ya Mwanzo

Tumefika mahali ambapo uamuzi wa wazazi hukutana na kalenda. Mtoto asiyepata lugha hakai kimya. Hubuni ishara. Susan Goldin-Meadow, kwa utafiti wa miaka mingi, ameonyesha kwamba watoto viziwi waliolelewa bila lugha ya alama hujitengenezea ishara za nyumbani zenye mpangilio fulani wa vijenzi, hata kuwazidi mama zao katika utaratibu. Hili ni jambo la kustaajabisha, na mara nyingi hutajwa kama ushindi wa akili ya binadamu. Lakini ishara za nyumbani zina mpaka. Zinahusu yaliyopo na yanayohitajika. Hazina watumiaji wa kutosha wa kuzipanua, na mtoto anapozitoa nje ya mlango wa nyumba yao huwa hazina thamani, kama fedha ya nchi nyingine.

Nikaragua ilitoa ushahidi adimu wa kinachotokea mpaka huo unapovukwa. Mwaka 1977 shule ya watoto viziwi ilifunguliwa Managua, na baada ya mapinduzi ya 1979 idadi ya wanafunzi iliongezeka. Walimu walifundisha usemi wa Kihispania na kusoma midomo, kwa mafanikio madogo. Uwanjani na ndani ya mabasi watoto walikuwa na shughuli nyingine. Waliunganisha ishara walizotoka nazo makwao, na kutoka katika mchanganyiko huo ikazuka lugha ambayo hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Judy Kegl alianza kuichunguza mwaka 1986. Uchunguzi uliofuata wa Senghas na Coppola (2001) ulionyesha kwamba waliojiunga wakiwa wadogo ndio walioikamilisha sarufi, ilhali waliojiunga wakiwa wamekwisha kukua hawakuifikia, japo walikaa na wenzao miaka mingi. Wale wakubwa walikuwa na akili timamu, nia na wenzi wa kuzungumza nao. Walichokosa ni umri.

Rachel Mayberry na wenzake walilipima suala hili kwa namna inayowahusu wazazi moja kwa moja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 waliwalinganisha watu wazima waliojifunza Kiingereza baada ya utoto wa mwanzo. Viziwi waliokuwa na lugha ya alama tangu wadogo walikifahamu Kiingereza hicho kwa kiwango kilichokaribiana na cha wasikiao ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa lugha nyingine ya kusemwa. Viziwi ambao utotoni hawakuwa na lugha yoyote ya kutosha waliachwa mbali. Katika kazi yake ya awali, ya mwaka 1993, Mayberry alikuwa ameonyesha upande wa pili wa jambo hilo: watu waliopoteza usikivu wakiwa tayari na lugha ya kusemwa walijifunza lugha ya alama vizuri zaidi kuliko waliozaliwa viziwi na kuanza kujifunza alama katika umri ule ule bila lugha iliyotangulia. Lugha ya kwanza, iwe ya sauti au ya mikono, huwa msingi wa lugha ya pili ya aina yoyote. Msingi usipowekwa kwa wakati, kinachojengwa baadaye huyumba.

Hapa ndipo jibu la mwaka 2001 lilipokosea. Lilidhani kwamba ishara zingeziba njia ya usemi. Mtoto yule alizuiwa mikono kwa miaka saba, na katika miaka hiyo alijifunza kutamka maneno machache, ambayo mama yake aliyaelewa na majirani hawakuyaelewa. Alipelekwa shule ya bweni ya viziwi akiwa na miaka tisa. Huko alikuta wenzake wakizungumza. Alijifunza lugha yao, na leo anaitumia kila siku, lakini walimu wake walisema mapema kwamba masimulizi marefu yanamtatiza na kwamba kusoma kumemwia kugumu. Nyumbani, likizo zilipofika, yeye na mama walirudia ishara zao thelathini au arobaini: kula, lala, njoo, baba, mgonjwa, pesa. Mama aliweza kumwuliza kama ameshiba. Hakuweza kumwuliza kwa nini analia.

Jambo hili linaitikisa dhana tunayoipenda sana, yaani lugha ya mama. Kwa lugha nyingi za dunia urithishaji huenda kutoka kizazi hadi kizazi, kutoka kwa mama na bibi. Kwa watoto viziwi wa wazazi wasikiao lugha huenda kwa upande, kutoka kwa mtoto hadi mtoto, katika bweni na uwanja wa shule. Kwa maana hiyo mfumo wetu wa shule za bweni umekuwa na pande mbili. Umewapa watoto lugha ambayo nyumbani wasingeipata, na umewapa wakiwa wamechelewa, mbali na watu ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kuwaelewa.

6.0 Uamuzi Wenyewe

Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikifanya upasuaji wa kupandikiza kifaa cha kusikia ndani ya sikio, yaani pandikizi la koklea. Kabla ya hapo familia zililazimika kwenda nje ya nchi. Ni maendeleo makubwa, na mwanaisimu anayeyabeza kwa jina la utamaduni wa viziwi anazungumza akiwa mbali na mzazi. Lakini wazazi wanapaswa kuambiwa kifaa hicho ni nini. Hakimgeuzi kiziwi kuwa asikiaye. Hupeleka mishipani ishara za umeme ambazo ubongo hulazimika kujifunza kuzifasiri kwa miaka ya mazoezi. Kinahitaji betri, marekebisho na vipuri. Kikivuliwa usiku, mtoto ni kiziwi. Matokeo hutofautiana sana kati ya mtoto na mtoto, na hakuna daktari anayeweza kuahidi siku ya upasuaji kwamba huyu atasema. Zaidi ya hayo, kati ya siku mama anaposhuku na siku kifaa kinapowashwa hupita miezi, pengine miaka, na miezi hiyo ndiyo ile tuliyoizungumzia katika sehemu iliyotangulia. Mtoto anayengoja usemi pekee anangoja bila lugha.

Ushauri unaotolewa mara kwa mara, wa kuacha alama ili usemi upate nafasi, hauna ushahidi unaostahili uzito unaopewa. Davidson, Lillo-Martin na Chen Pichler (2014) waliwachunguza watoto waliopandikizwa kifaa hicho na ambao, kwa kuwa wazazi wao ni viziwi, walikuwa wakitumia lugha ya alama tangu kuzaliwa. Kiingereza chao cha kusemwa kilikuwa sawa na cha watoto wasikiao wenye wazazi viziwi. Watoto hao walikuwa watano tu, na familia zao si za kawaida (tukilitumia neno hilo kwa tahadhari), hivyo hatuwezi kuutandaza mfano wao juu ya kila nyumba. Unatosha, hata hivyo, kukanusha dai kwamba mikono huufukuza ulimi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi hutoka kwa akina mama wenyewe. Husema, nitamfundishaje lugha nisiyoijua? Nitaivurugavuruga, naye ataiga makosa yangu. Singleton na Newport (2004) walimfuatilia mtoto kiziwi ambaye wazazi wake, nao viziwi, walijifunza lugha ya alama wakiwa wamechelewa na kuitumia kwa makosa mengi. Mtoto aliyapepeta yale makosa, akashika kanuni pale zilipojitokeza mara nyingi, na akawapita wazazi wake. Ni kweli kwamba wazazi wale waliizungumza lugha hiyo kutwa nzima, na mama aliyeanza jana hawezi kulinganishwa nao. Ndiyo sababu mama peke yake hatoshi. Mtoto anahitaji pia kukaa na viziwi wazima, jambo ambalo katika miji yetu haligharimu upasuaji: linahitaji mtu wa zahanati anayejua viziwi wa mtaa wake walipo, na mama asiyeona haya kuwakaribisha sebuleni.

Haya hiyo ni sehemu ya uamuzi, na haifai kupuuzwa. Mzazi anayetumia mikono kwenye daladala anatangaza mbele ya abiria wote kwamba mwanawe ni kiziwi. Mzazi anayemwambia mtoto “sema, sema” anaweza kushuka kituoni bila mtu kujua. Jirani huuliza dawa gani imejaribiwa, na bibi ataka kujua ni nani aliyemwonea mtoto. Baba wakati mwingine huondoka. Katika hali hiyo kuchagua usemi si ujinga wala ukatili; ni kuchagua mtoto afanane na watoto wa dada zake siku ya Idi. Sheria zinaweza kuipunguza haya hiyo kidogo. Katiba ya Uganda ya 1995 ilitaja ukuzaji wa lugha ya alama kwa viziwi, na Katiba ya Kenya ya 2010 ikaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mama wa Kisumu anaweza kumwonyesha mkwewe televisheni na kusema, tazama, hata bungeni. Mama wa Tanzania ameridhiwa mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu tangu 2009, lakini mkataba haumwonyeshi mtu akizungumza.

Kuhusu shemeji, mambo yamechukua mkondo ambao hakuna aliyeushauri. Mwanawe sasa ni fundi seremala, ameoa mwanamke kiziwi, na wana binti wa miaka mitatu anayesikia. Mwandishi aliwatembelea hivi karibuni. Mtoto alikuwa amesimama kati ya baba yake na bibi yake, akimweleza baba kwa mikono kuhusu kuku aliyeingia jikoni, kisha akigeuka na kumweleza bibi habari ile ile kwa Kiswahili, bila kusita. Bibi alimtazama kwa muda. Kisha akaweka chini kikombe cha chai, akamshika mjukuu mkono na kumwuliza, “Kuku unamfanyaje? Hebu nionyeshe tena, taratibu.”